Cheti cha kufundisha Kiingereza si tiketi ya ndege: wahami wafungue macho kabla ya kulipa

Vita vilifika Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na kambi zilizokuwa kando ya mji zikavunjwa. Katika miezi hiyo hiyo Marekani ilisimamisha misaada yake, na mwezi wa saba shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Muuguzi wa mradi, mhasibu wa shirika, dereva, mtafsiri, mwandishi wa radio: watu ambao walikuwa wanalisha jamaa nzima walijikuta bila mshahara, na wengine bila hata nyumba ya kurudia.

Si ajabu basi kwamba wengi wao wanatafuta kazi mpya. Na kati ya matangazo yanayopita kila siku katika makundi ya WhatsApp, lipo moja linalowavuta sana: jifunze kufundisha Kiingereza, pata cheti kwa wiki chache, nenda ukafundishe nchi za nje. Linamvuta mtu ambaye alifanya kazi na wageni miaka kumi na Kiingereza chake ni kizuri. Linamvuta pia kijana aliyemaliza ISP na kungoja mshahara wa Serikali bila kuuona.

Wazo hilo si baya. Kubadilisha kazi katika umri wa miaka 35 ao 45 si aibu, na ualimu wa lugha ni kazi ya heshima. Ubaya uko katika namna wazo hilo linavyouzwa. Kuna mafunzo ya kweli na kuna karatasi tupu. Kuna nchi zinazompokea mwalimu kutoka Congo na kuna nchi ambazo sheria yake imekwisha kumkataa kabla hajaandika barua. Jamaa iliyohama haina franga za kujaribu mara mbili, kwa hiyo inafaa kuijua tofauti mapema.

Mafunzo ya kweli yana nini

Duniani kuna vyeti viwili vinavyojulikana sana kwa mtu anayeanza kufundisha Kiingereza kwa watu wazima. Kimoja ni CELTA, kinachotolewa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kingine ni CertTESOL cha Trinity College London. Vyote viwili vinafanana katika jambo moja: haviishii kwenye vitabu. CELTA ina masaa yasiyopungua 120, kazi nne za kuandika, na masaa 6 ya kufundisha wanafunzi wa kweli mbele ya mkufunzi ambaye anaandika makosa na kuyaeleza moja kwa moja. Siku hizi inaweza kusomwa kwa intaneti, lakini hata huko mwanafunzi anafundisha watu walio hai, na mkufunzi anamtazama.

Nje ya vyeti hivyo viwili kuna bahari ya kozi zinazoitwa TEFL. Jina hilo si mali ya chuo chochote. Yeyote anaweza kulitumia, leo hii, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ndiyo sababu kozi moja inauzwa dola mia kadhaa na nyingine inauzwa bei ya mfuko wa unga, na zote mbili zinaandika "masaa 120" juu ya cheti. Masaa hayo yanaweza kuwa kazi ya miezi miwili, na yanaweza pia kuwa kubonyeza majibu kwenye simu kwa mchana mmoja.

Bei peke yake haitoshi kuwa kipimo, maana kuna vitu ghali ambavyo ni ovyo. Swali linalotenganisha kozi moja na nyingine ni hili: je, kuna mtu atakayemtazama mwanafunzi akifundisha na kumwambia amekosea wapi? Kama hakuna, basi kinachouzwa ni karatasi. Karatasi hiyo inaweza kusaidia pale ambapo mwajiri anataka tu kuona cheti ndani ya faili. Lakini haimfundishi mtu kusimama mbele ya watoto 60.

Kujua lugha si sawa na kujua kuifundisha, na hapo ndipo wengi wanajidanganya. Mtafsiri aliyekaa na wageni miaka mingi anajua kusema Kiingereza sawasawa, lakini siku ya kwanza darasani anazungumza saa nzima peke yake na wanafunzi wanaandika tu. Mafunzo mazuri yanamvunja desturi hiyo. Yanamfundisha kunyamaza ili wanafunzi waseme. Yanamfundisha kuuliza swali ambalo linaonyesha kama mtu ameelewa, badala ya kuuliza "mumeelewa?" na kupokea "ndiyo" ya darasa zima. Yanamfundisha kupanga somo la dakika 45 ili lisiishe dakika ya 20, na pia lisikatwe katikati na kengele.

Nguvu ambayo Mkongomani anayo tayari

Mwalimu kutoka Congo haanzi mikono mitupu. Mtu aliyezaliwa London hajui kwa nini mwanafunzi wa Bukavu anasema "I have 20 years" anapoulizwa umri. Mwalimu Mkongomani anajua mara moja: ni Kifaransa kimevaa nguo za Kiingereza. Anajua kwa nini mwanafunzi anatumia "actually" akitaka kusema "sasa hivi", na kwa nini anaenda "library" kununua kitabu. Anajua pia kwa nini watu wa sehemu fulani za Kivu wanachanganya sauti za "l" na "r", kwa sababu ulimi wake mwenyewe ulipita njia ile ile. Kosa ambalo mgeni angelitazama kwa mshangao, yeye analiona kabla halijatoka mdomoni.

Zaidi ya hayo anakuja na Kifaransa, Kiswahili, na mara nyingi lugha moja ao mbili za nyumbani. Katika darasa la wakimbizi wa Congo, Burundi na Sudani ya Kusini, mtu huyo ana thamani kuliko mgeni mwenye lugha moja. Inafaa ajue thamani hiyo, na inafaa waajiri wa mashirika waijue pia, badala ya kumwita "msaidizi wa mwalimu" na kumlipa nusu.

Mahali ambapo mlango umefungwa

Lakini matangazo hayasemi juu ya pasipoti. Korea ya Kusini, kwa mfano, inatoa visa ya mwalimu wa lugha ambayo inaitwa E-2. Kwa Kiingereza, visa hiyo inatolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkongomani anaweza kuwa na cheti cha Cambridge, diploma ya chuo kikuu na Kiingereza kisicho na kasoro, na bado hayumo katika orodha. China nayo inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na diploma ya chuo kikuu, na kwa kawaida awe amefanya kazi miaka 2. Kwa kipimo hicho mtu kutoka nchi ya Kifaransa anasimama mbali na mlango wa Kiingereza.

Mtu anaweza kuliita jambo hilo ubaguzi, na hatakosea sana. Kipimo kinachotazama mahali mtu alipozaliwa badala ya namna anavyofundisha hakimsaidii hata mwanafunzi. Lakini jamaa iliyouza kiwanja ili kulipa kozi haitarudishiwa kiwanja kwa sababu sheria ya nchi ya mbali si ya haki. Muuzaji wa kozi anayeonyesha picha za Seoul na Beijing kwa kijana wa Goma, bila kumwambia habari ya orodha hiyo, anafanya udanganyifu, hata kama cheti chenyewe ni cha kweli.

Kufundisha kwa intaneti nako kulipungua nguvu. Kwa miaka mingi soko kubwa la masomo ya Kiingereza kwa video lilikuwa watoto wa China. Mwaka 2021 serikali ya China ilibana sana masomo ya nje ya shule yanayotolewa kwa faida, na ikakataza makampuni kutumia walimu walioko nje ya nchi kwa watoto hao. Soko halikufa lote. Kuna watu wazima wanaolipia mazungumzo katika nchi nyingi. Lakini mtu anayefikiri ataishi kwa kazi hiyo kutoka mahali ambapo umeme unakatika na mega zinaisha haraka, ahesabu vizuri kwanza.

Ahadi zinazoua

Kuna hatari kubwa kuliko kupoteza fedha. Katika miaka hii, watu kutoka Uganda, Kenya, Ethiopia na nchi nyingine walipewa ahadi ya kazi nzuri Thailand: kazi za kompyuta, kuhudumia wateja, kazi zinazohitaji mtu anayejua Kiingereza. Walipofika walivushwa mpaka kwenda Myanmar, sehemu za Myawaddy, wakafungiwa katika majengo yenye ulinzi na kulazimishwa kudanganya watu kwa simu na kompyuta. Waliokataa walipigwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya watu waliondolewa katika majengo hayo, na kati yao walikuwemo Waafrika wengi.

Kilichowafanya watafutwe ni Kiingereza chao. Ndiyo sababu mhami mwenye Kiingereza kizuri na shida kubwa ni windo zuri kwa watu hao. Dalili zao zinafanana. Kazi inatolewa bila mwalimu kuombwa kufundisha hata somo moja la majaribio. Mshahara ni mkubwa kuliko ule wa mwalimu wa kawaida wa nchi hiyo. Safari inafanyika kwa visa ya utalii, na mtu anaambiwa "karatasi za kazi utapewa ukifika". Jina la shule halipatikani, ao linapatikana lakini simu ya shule yenyewe haimjui huyo anayeandika. Mwishoni kuna haraka: lipa leo, nafasi ni mbili tu.

Shule ya kweli inafanya kinyume. Inauliza maswali mengi, inachukua wiki nyingi, na inaomba visa ya kazi kabla mtu hajapanda ndege. Mzazi ao ndugu anayeombwa achange kwa likelemba ili fulani asafiri ana haki ya kuona mkataba na kupiga simu shuleni kabla ya kutoa hata dola moja.

Milango iliyo karibu

Neno "nchi za nje" linawafanya watu wafikiri juu ya Asia na Ghuba. Lakini mahitaji makubwa ya Kiingereza yako pia upande wa pili wa mpaka. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mpaka leo inahangaika kupata walimu wa kutosha wanaokiweza. Mwaka 2022 ilipokea walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali mbili. Kuitaja Rwanda katika habari ya kazi kunaumiza wasomaji wengi wa Kivu, na sababu inajulikana. Hakuna anayelazimishwa kwenda huko. Lakini mfano wenyewe unafundisha: walimu hao wa Zimbabwe walikwenda kwa mkataba ulioandikwa na nchi yao, si kwa namba ya WhatsApp.

Burundi ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi kwa sheria mwaka 2014, na watoto wanakifundishwa toka shule ya msingi. Sudani ya Kusini inatumia Kiingereza tangu uhuru wake mwaka 2011. Uganda na Kenya zina walimu wengi wa Kiingereza, lakini huko shule zinafundisha pia Kifaransa, na hapo Mkongomani anasimama mbele ya wengine. Mtu anayetafuta kazi ya lugha nje ya nchi asijifunge kwa Kiingereza peke yake. Kifaransa chake, alichokizoea tangu utoto mpaka hakioni tena, ndicho kinachoweza kumpa kazi Kampala ao Nairobi. Mbinu za kufundisha ni zile zile. Kinachobadilika ni lugha iliyo ubaoni.

Congo yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Soko la pamoja la Jumuiya linazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka na nchi kutambua vyeti vya wenzao. Kwenye karatasi ni vizuri. Kwa vitendo, kila nchi bado inaomba vyeti vyake vikaguliwe. Uganda, kwa mfano, inataka diploma ya sekondari kutoka nje ilinganishwe na UNEB, na diploma ya chuo ilinganishwe na NCHE. Hapo mhami anakutana na shida ambayo mtangazaji wa kozi haifikirii: diploma yake ilibaki ndani ya nyumba iliyoporwa, na nakala yake iko Kinshasa.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya mtu anayetaka kubadilisha kazi ni kukusanya karatasi zake, kabla hata ya kutafuta kozi. Apige picha ya kila cheti kilichobaki. Aitume kwa ndugu wawili walio mahali tofauti. Aandikie shule yake ya zamani, kama prefe ao katibu bado anapatikana, aombe barua inayothibitisha masomo yake. Mambo hayo hayagharimu sana, na bila hayo hata cheti cha Cambridge kitabaki peke yake ndani ya faili.

Mkimbizi na pasipoti

Kwa walioko kambini nje ya nchi, Nakivale, Nyarugusu, Kakuma ao kwingine, kuna onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Mkimbizi akienda kwenye ubalozi wa nchi yake na kuchukua pasipoti mpya ili asafiri kikazi, anaweza kuhesabiwa kuwa amerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo. Mkataba wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi unasema hivyo, na mtu anaweza kupoteza hali yake ya ukimbizi, hata faili ya watoto wake ikaguswa. Mkataba ule ule unatoa njia nyingine: hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo inaombwa kwa nchi iliyompokea. Inachelewa, na nchi nyingi hazijui kuisoma vizuri. Lakini ndiyo njia isiyobomoa nyumba nyuma ya mtu. Kabla ya kugusa pasipoti, mkimbizi aulize ofisi ya ulinzi ya HCR ao shirika la wanasheria lililo karibu.

Sheria za kazi nazo si sawa kila mahali. Uganda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kwa sheria yake ya mwaka 2006. Tanzania inawafungia wakimbizi wengi ndani ya kambi. Mafunzo yale yale yanaweza kumpa mtu mshahara upande mmoja wa ziwa, na upande mwingine yakampa kazi ya kujitolea tu.

Nani atafundisha watoto waliobaki?

Wapo wanaosema kwamba mazungumzo haya yote ni kuwafundisha watu kukimbia. Wanauliza: mwalimu mzuri akienda, watoto wa Masisi, Kalehe na Fizi watafundishwa na nani? Swali hilo ni zito na halifai kutupwa. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na walimu wengi bado wanafundisha bila kulipwa na Serikali. Vita vikaongeza shule zilizofungwa na shule zilizogeuzwa makao ya wahami.

Lakini lawama hiyo inaelekezwa kwa mtu asiyestahili. Mwalimu ambaye hajalipwa hamwibii mtu yeyote akitafuta mkate mahali pengine. Anayetaka abaki, amlipe. Na kuna njia inayounganisha mambo mawili: mafunzo yafanyike hapo hapo walipo wahami. Madarasa yapo, wanafunzi wapo kwa mamia, na mtu anayejifunza kufundisha anahitaji wanafunzi wa kweli kuliko kitu kingine chochote. Mashirika yanayotoa pesa kwa semina za siku mbili katika hoteli yangeweza kulipa wakufunzi wawili kwa miezi mitatu, wakatazama walimu wapya wakifundisha watoto wa kambi, na kuwapa cheti kinachotaja masaa yao ya kufundisha. Atakayesafiri baadaye atasafiri akiwa mwalimu kweli, na atakayebaki atakuwa ameacha kazi nzuri nyuma yake kila juma.

Vile vile watoto wenyewe watafaidika. Mtoto wa mhami hajui kesho atasoma wapi: labda Uvira, labda Bujumbura, labda Nakivale. Akihama, lugha ya darasa inaweza kuhama pia, kutoka Kifaransa mpaka Kiingereza, na mtoto mwenye akili akarudishwa madarasa matatu nyuma kwa sababu ya lugha tu. Mwalimu mmoja aliyefunzwa vizuri kambini anaweza kuwapunguzia watoto kama hao miaka ya kupotea.

Mtu aliyepoteza kazi ana haki ya kuanza upya, na kufundisha Kiingereza ni mwanzo mzuri kama mwingine. Aanze kwa kufundisha majirani bure kwa mwezi mmoja, aone kama kazi hiyo inamfaa. Halafu, mwenye kozi akija na tangazo lake, amuulize mambo manne: nani atanitazama nikifundisha, cheti hiki kimekubaliwa na shule gani ninayoweza kuipigia simu, nchi unayonitajia inaruhusu pasipoti ya Congo, na fedha yangu inarudi namna gani nikikataliwa visa. Mwenye kozi akishindwa kujibu hata moja, franga zibaki mfukoni.